Kuhusu tuzo ya mamako

Mwanangu,

Hapa Mombasa sote wazima alhamdulillahi, joto tu ndo limezidi wiki hii. Meseji yako ya juzi niliisoma mara tatu. Umeniuliza eti baba, kweli hukujisikia vibaya pale MC aliposema "na huyu ndiye mume wa mwandishi wetu" halafu jina lako hakulitaja kabisa?

La, sikujisikia vibaya. Koo lilinikaba kwa furaha mwanangu, ningeulizwa jina pale ningeshindwa hata kulitamka.

Wewe ulikuwa hujazaliwa, kwa hivyo mambo ya feri ya Mtongwe umeyasikia tu. Ilizama asubuhi ya 29 Aprili 1994, watu wanavuka kuja kisiwani kutafuta riziki, feri imejaa kupita kiasi, haikufika hata mbali na ukingo, na wakafa zaidi ya watu 270. Mamako alikuwa hana hata mwaka kwenye gazeti, tena hakuajiriwa, alikuwa korespondenti, wale wanaolipwa kwa stori iliyochapishwa, isipotoka basi nauli yako imekwenda na maji. Maripota wengine walipeleka hesabu ya maiti wakaendelea na mengine. Yeye alizunguka siku kadhaa Likoni na Mtongwe, mlango kwa mlango, anauliza huyu alikuwa nani, alikuwa akienda wapi asubuhi ile, jina la babake laandikwaje. Akirudi usiku hata chakula hakitaki, tunakaa kwenye ile meza ya jikoni ananisomea majina na mimi namuangalizia, herufi kwa herufi.

Kuna jina moja hakuwa na uhakika nalo, herufi moja tu, akaniambia kesho navuka tena nikaulize. Nilimkatalia. Wallahi nilimpandishia sauti, manake kila nikifikiria ile feri mwili wasisimka. Akanijibu taratibu, "Mamake atalisoma hili gazeti." Alfajiri akavuka.

Mpaka leo kuna nyumba kule Mtongwe wamekiweka kile kipande cha gazeti ndani ya msahafu, nimekiona kwa macho yangu tulipoenda matangani mwaka juzi, karatasi imegeuka manjano lakini jina lasomeka vizuri, na limeandikwa sawa.

Sasa niambie, mtu aliyeyaona hayo ataona wivu wa nini?

Sikufichi, kulikuwa na miezi malipo yake yalichelewa tukaishi kwa mshahara wangu wa ukarani bandarini, na siku moja nilichoka nikamwambia aache akafundishe shule. Hakunijibu, akaenda kufua. Neno lile naliona uchungu hadi leo, na usiku wa tuzo tukiwa kwenye gari nilimuomba radhi.

Halafu ile hotuba yake, sijui kama video uliyotumiwa ilifika mwisho. Hakujisifu hata kidogo. Alisema Mombasa ni mji wa magazeti tangu zamani, lile African Standard la Jeevanjee lilianzia hapa hapa mwaka 1902 kabla ya kuhamia Nairobi, na Sheikh Al-Amin Mazrui alikuwa akitoa Al-Islah hapa miaka ya 30, kwa hivyo yeye amekuta njia imeshafyekwa. Pale ndipo machozi yalinitoka na shangazi yako akanipa leso.

Na hilo la jina lisikuumize moyo. Pale Marikiti muuza viungo ananiita bwana wa mwandishi mwaka wa ngapi huu, na nikiitwa naitika vizuri tu.

Tuzo tumeiweka kwenye kabati la vyombo, juu, karibu na birika la bibi yako. Mwenyewe yuko Likoni tangu asubuhi, kuna wavuvi wana malalamiko yao, kachukua daftari na chupa ya maji. Nimempikia samaki wa kupaka namuwekea, manake najua leo atachelewa.

Babako