Triga ya sumaku hairudi: je, sumaku imekufa?

Swali: Habari za kazi, fundi. Nina bunduki ya umeme ya pentiboli (mchezo wa kulengana kwa risasi za rangi), niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Triga yake hairudishwi na springi, inarudishwa na sumaku. Tangu niipate ilikuwa nyepesi mno, na mara nyingine nikivuta mara moja zinatoka risasi mbili. Nikaifungua, nikaisafisha, nikapaka grisi na kuirudishia. Sasa ndiyo imezidi: nikivuta taratibu inabaki nyuma mpaka niisukume kwa kidole. Skrubu ya sumaku nimeikaza hadi mwisho, hakuna tofauti. Niagize sumaku nyingine?

Jibu: Usiagize kwanza. Sumaku hizi ndogo za neodimi hazichoki kwa kuvutwavutwa. Hukaa miaka na nguvu zake zilezile. Kinachoziua ni joto, kugongwa mpaka zikameguka, au kutu pale ganda lao la nikeli linapobanduka. Na maelezo yako yenyewe yanaelekeza kwingine: umekaza hadi mwisho na hakuna kilichobadilika. Sumaku ingekuwa imedhoofika tu, kuisogeza karibu kungeleta nafuu kidogo. Kwa hiyo ama kuna kitu kinakwamisha triga, ama sumaku haipo mahali pake.

Kabla ya kushika alenki, toa risasi zote, ondoa chupa ya hewa, fyatua kuelekea upande usio na mtu mpaka gesi iliyobaki ndani iishe, kisha zima umeme. Barakoa ya kinga usiivue mpaka hapo.

Sasa fanya kipimo kimoja ambacho mimi naanza nacho kila mara. Toa skrubu ya sumaku kabisa, halafu shika bunduki uielekeze mtutu juu, kisha mtutu chini. Triga isiyo na sumaku inatakiwa iende mbele na nyuma yenyewe kwa uzito wake, bila kusita njiani. Kama swichi yako ni ile yenye kitufe, utaona inagota kidogo inapokifikia. Hilo ni la kawaida. Lakini ikikwama kabla ya hapo, sumaku haina kosa.

Nadhani itakwama, na namshuku kwanza yule grisi uliyempaka. Springi ina nguvu ya kutosha kuburuta triga ndani ya grisi nzito. Sumaku haina. Nguvu yake ya kurudisha ni ndogo, na ndiyo hiyo inayofanya triga iwe nyepesi, hivyo utando mnene kwenye pini ambayo triga inazungukia unatosha kuizuia, hasa ukiachia taratibu. Cha pili ni rangi iliyoganda. Ujazo wa risasi za pentiboli kwa sehemu kubwa ni polietilini glikoli, na ganda lake ni jelatini. Vyote hivyo huondoka kwa maji, si kwa mafuta. Ndiyo sababu mtu anapuliza mafuta kwenye pini iliyonata, inalainika kwa muda, kisha inanata tena.

Toa pini. Futa grisi yote, halafu ifute kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa. Pitisha kijiti cha pamba kwenye tundu la triga, ukibadilisha vijiti, mpaka kitoke cheupe. Kausha vizuri, maji yasifike kwenye bodi, yaani sakiti ya umeme inayoendesha bunduki. Viringisha pini juu ya kioo: ikicheza, imepinda, badilisha. Ukirudishia, weka tone dogo sana la mafuta mepesi au uache pakavu. Skrubu zinazoshika pini zikazwe za kutosha tu, kwa sababu zikibana fremu, triga nayo inabanwa. Na kwa kuwa ulifungua mwenyewe, angalia waya wa swichi na wa betri usiwe umepita nyuma ya triga. Waya uliobanwa chini ya kifuniko cha mshikio huleta dalili hizihizi.

Rudia kipimo. Triga ikianguka kwa uhuru, sasa ichunguze sumaku. Sogeza sindano kwenye ncha ya skrubu na kwenye triga. Lazima moja wapo ivute. Isipovuta hata moja, sumaku ilichomoka ulipokuwa unasafisha, na huenda imenasa kwenye chuma chochote kilichokuwa mezani. Kama ina vumbi la chuma, liondoe kwa seloteipu, kitambaa kinalisambaza tu.

Kuna miundo miwili, na ni vizuri ujue yako ni upi. Katika wa kwanza, sumaku inavutana na kitu kilicho mbele, iwe skrubu ya chuma au sumaku nyingine. Katika wa pili, sumaku mbili zinasukumana, ncha za aina moja zikitazamana. Ukirudisha sumaku moja kichwa chini, mambo yanageuka na triga inakimbilia nyuma yenyewe hata bila kuguswa. Wewe hukusema hivyo, basi sidhani kama uligeuza, lakini weka alama ya kalamu juu ya sumaku kabla ya kuitoa siku nyingine.

Muundo wa kuvutana una tabia ambayo wengi hawaizingatii. Nguvu ya sumaku hushuka kwa kasi sana umbali unapoongezeka, na hapa milimita 1 ni umbali mkubwa. Triga ikiwa mbele inashikwa vizuri. Ikifika nyuma kabisa, sumaku karibu haiioni. Ukiwa na mwendo mrefu, triga inarudi kwa shida hata pini ikiwa safi. Dawa yake ni kukaza skrubu ya kituo cha nyuma ili triga isiende mbali baada ya kufyatua.

Hapo ndipo linapoingia lile la risasi mbili. Bunduki inapofyatua inarudi nyuma kidogo, kidole chako kinabaki palepale, na triga isiyo na nguvu ya kurudi inatoka kwenye swichi na kuingia tena bila wewe kujua. Bodi inahesabu mivuto miwili. Rekebisha hivi: weka kituo cha mbele kwanza, ila sumaku isigusane na chuma, maana itanata na mwisho wake kumeguka. Kisha kituo cha nyuma, mwendo kidogo tu baada ya mahali swichi inapoitika. Washa umeme bila gesi, zima sensa ya risasi ili bodi ikubali kufyatua chumba kikiwa kitupu, na usikilize solenoidi, yaani kifaa cha umeme kinachofyatua, ikilia: mlio uje katikati ya mwendo, si pale triga inapoanza kusogea. Mwisho ongeza nguvu ya sumaku mpaka triga irudi hata bunduki ikiwa imepinduliwa.

Debaunsi, yaani ule muda ambao bodi inapuuza mitetemo ya swichi, iguse baada ya hayo yote. Ipandishe hatua moja moja, ukijaribu kwa gesi mahali panaporuhusiwa, wote wamevaa barakoa, ukivuta polepole huku umeshika kwa mkono mmoja kwa kulegea. Hapo ndipo risasi ya pili hujitokeza. Ukianza na debaunsi kabla ya kurekebisha triga, unafunika tatizo, na bunduki inayofyatua bila kuamriwa ni hatari kwa wenzako uwanjani.

Sumaku ikiwa kweli imemeguka, nunua yenye kipenyo na unene uleule. Igundishe kwa epoksi na usubiri ikauke kabisa. Usitumie karibu nayo ile gundi ya skrubu inayohitaji moto kuifungua, kwa kuwa neodimi ya kawaida huanza kupoteza nguvu kwa kudumu ikipita takriban nyuzi 80 za Selsiasi. Na kama bunduki yako inatumia sensa ya Hall, ile inayohisi usumaku, badala ya kitufe, sumaku hiyo huenda ndiyo inayosomwa na bodi pia. Ukibadilisha, rekebisha upya mahali pa kufyatulia kabla hujarudisha chupa ya hewa.