Maswali ya Wasomaji: MRI na gegedu la nyonga

Mwaka jana MRI (picha ya sumaku) ilionyesha gegedu, yaani tishu inayofunika ncha za mifupa kiungoni, la nyonga yangu lina T2 ya milisekunde 38. Mwaka huu, kwenye hospitali nyingine, ni 41. Je, nyonga inazidi kusagika?

Kwa tofauti hiyo peke yake hakuna anayeweza kusema hivyo. T2 ni muda unaochukua ishara ambayo mashine hupokea kutoka kwa maji yaliyomo ndani ya gegedu kufifia. Nyuzi za kolajeni (protini inayoshikilia gegedu) zikilegea na maji yakazidi, muda huo hurefuka. Lakini kila kipimo kina kosa lake. Ili kulijua, watu walewale hupigwa picha mara mbili bila kitu chochote kubadilika, kisha kosa sanifu linalopatikana huzidishwa kwa 2.77. Tuseme kosa hilo ni milisekunde 1.5: badiliko lisilofika 4.2 laweza kuwa mtikisiko wa kipimo tu. Lako ni 3.

Isitoshe, umetumia mashine mbili. Ya Tesla 1.5 na ya Tesla 3 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) hazitoi namba za kulinganishwa, na hata koili (kifaa kinachopokea ishara) au hesabu ya kompyuta ikibadilika, namba huhama. Mwili nao huchangia. Ukitoka kutembea, gegedu limekamuliwa maji na T2 hushuka, kwa hiyo pumzika walau nusu saa kabla ya kupimwa. Halafu kuna pembe: nyuzi za kolajeni zikikaa karibu digrii 55 na uga wa sumaku, T2 hupanda hata kama gegedu ni zima. Nyonga ni mviringo, hivyo daima kuna sehemu inayoangukia pembe hiyo. Ukirudia, omba mashine ileile, mpangilio uleule, na msomaji mmoja wa picha achore eneo lilelile kwenye picha zote mbili bila kuambiwa ipi ni ya zamani.

Ripoti ilisema gegedu ni zima. Daktari wa mifupa alipoingiza kamera akakuta limebanduka. Picha ilidanganya?

Picha haikuweza kuona. Gegedu la nyonga ni jembamba, milimita 1 hadi 2 hivi kila upande, na lile la kichwa cha paja limebanwa juu ya lile la kikombe cha nyonga. Kipande cha picha chenye unene wa milimita 3 au 4 kikipita kwenye mkunjo wa kichwa hicho cha mviringo, huchanganya tabaka zote mbili pamoja na mfupa. Gegedu lililobanduka ndilo gumu zaidi kugundua: liko kama zulia lililoachia gundi, limelala palepale, na maji hayajaingia chini yake.

Kinachosaidia ni kudunga dawa ya kuonyesha ndani ya kiungo, kisha kuvuta mguu kwa uzito (vituo vingine huanzia kilo 6, vingine huzidi 15) ili maji yapenye kati ya tabaka. Picha nazo zikatwe kuzunguka mhimili wa shingo ya paja, mfano wa spoki za baiskeli. Hata hivyo, ripoti safi haimaanishi gegedu ni zima.

Nimeshauriwa MRI ya gadoliniamu ya mshipani kupima ubora wa gegedu. Ina faida?

Mantiki yake ni nzuri. Gadoliniamu ni metali iliyomo kwenye dawa ya kuonyesha. Dawa hiyo ina chaji hasi, sawa na molekuli zinazolifanya gegedu kuwa gumu. Molekuli hizo zikipungua, dawa hupenya. Baada ya sindano mgonjwa hutembea dakika 10 hadi 15, kisha picha hupigwa kati ya nusu saa na saa moja. Ukikaa badala ya kutembea, dawa haifiki vya kutosha na namba huwa nzuri kuliko hali halisi. Shida ni kwamba kwa kawaida ilitumika dozi maradufu, milimoli 0.2 kwa kilo, ya gadopentetate, mojawapo ya dawa za gadoliniamu. Mwaka 2017 Shirika la Dawa la Ulaya lilishauri dawa hiyo isitishwe kudungwa mshipani, kwa sababu mabaki ya gadoliniamu huonekana ubongoni. T1rho, mbinu nyingine ya MRI, hutafuta upungufu huohuo wa molekuli bila sindano, ila mashine nyingi hazina programu yake. Kama sindano bado ipo kwenye mpango, pima kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo) kwanza: figo zikichuja chini ya mililita 30 kwa dakika, usikubali.