Duka la vitenge mtandaoni: hosti ya bure au ya kulipia?

Dada, umeuliza kama tovuti ya duka lako la vitenge uihosti (yaani uiweke kwenye kompyuta za kampuni inayoionyesha mtandaoni) bure au ulipie. Kama wateja wataagiza na kulipa humohumo, lipia. Hosti ya GitHub Pages ni ya bure na ni nzuri, lakini haiendeshi PHP, lugha ya programu inayotumiwa na WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti (kwa hiyo WordPress sahau), na masharti yake hayaruhusu kuendeshea duka la mtandaoni. Nyingine za bure mara nyingi zinakubandikia matangazo ya watu juu ya vitenge vyako!

Ila pesa ya kwanza kabisa weka kwenye kikoa cha .co.tz, yaani anwani ya tovuti yako, tena kisajiliwe kwa jina lako, si la fundi wa tovuti. Ukihama hosti, unaondoka na anwani yako. Nakala ya tovuti nayo kaa nayo mwenyewe: Yahoo ilipoifunga GeoCities, hosti yake ya bure, mwaka 2009, wengi wasiopakua kurasa zao walizikosa.