Usisome Kila Riwaya kwa Jicho Moja

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba amechoka. Amesoma riwaya za upelelezi kwa miaka, na siku hizi kabla hajafika katikati ameshamjua muuaji, raha yote inayeyuka. Anauliza kama aachane na hadithi za kubuni. Ujumbe wake umenikuta nimetoka kumaliza mwezi wa kusoma riwaya za kila aina, kwa hiyo jibu langu ni moja: usiache kusoma, badilisha utanzu, yaani aina ya hadithi unayosoma.

Mimi nimelelewa na riwaya za upelelezi na sijawahi kuzionea haya. Lakini kuna siku, katika kikao cha wasomaji, mwenzetu mmoja anayeheshimiwa kwa usomi wake aliniambia mbele za watu kwamba ninazosoma ni riwaya pendwa tu, yaani za kujiburudisha, na kwamba nitakapoanza kusoma riwaya dhati, zile zinazohesabiwa kuwa fasihi nzito, ndipo nitakuwa na la kuchangia. Watu wakacheka. Sikumjibu. Maneno yale yananichoma hadi leo, na mwezi huu niliazimia kuona kwa macho yangu kama huo ukuta kati ya pendwa na dhati upo kweli.

Nilianzia nilipopazoea: Mzimu wa Watu wa Kale, ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi. Mwisho wake naujua, na ndiyo sababu niliirudia. Ukishamjua mhalifu huna tena haraka, unaanza kuona jinsi mwandishi alivyokuwekea ushahidi mbele ya macho nawe ukaupita. Ndani ya hadithi, wengine wanahangaika na habari za mizimu. Bwana Msa, mpelelezi wa Abdulla, anavuta kiko chake na kuuliza swali dogo ambalo hakuna aliyelifikiria. Ndugu msomaji uliyechoka, hebu jaribu kurudia riwaya moja uliyoipenda. Kumtafuta muuaji ni sehemu ndogo tu ya utamu wake.

Nikaenda kwenye hadithi za kutisha. Wengi wanadhani wanaijua Frankenstein kwa sababu wameona picha ya lile dubwana, lakini kitabu chenyewe cha Mary Shelley, cha 1818, ni masimulizi ndani ya masimulizi. Msafiri anamwandikia dada yake barua. Ndani ya barua, mwanasayansi Victor Frankenstein anasimulia yake. Ndani ya simulizi ya Victor, kiumbe alichokiumba kinajitetea chenyewe, tena kwa ufasaha, kwa lugha kilichojifunza kwa kuisikiliza familia moja kwa siri. Hapo mafunzo ya upelelezi yalinifaa sana. Niliwasoma wote watatu kama mashahidi: huyu anayesema anataka nimwamini nini, na kipi anakipitia haraka haraka?

Riwaya za mapenzi sitazisemea mengi. Zinadharauliwa kuliko zote, ilhali kumfanya msomaji ahangaike na wapendanao ambao anajua fika wataoana si kazi ndogo.

Kisha Nagona ya Euphrase Kezilahabi. Ni kitabu chembamba, lakini usidanganywe na wembamba wake. Hakina mhalifu wa kusakwa, na matukio hayafuatani kama tulivyozoea. Msimulizi anatembea kama aliye ndotoni. Ukikisoma kwa jicho la upelelezi utakitupa kwenye kurasa za mwanzo. Mimi nilikisoma kwa sauti, sura kwa sura, bila kukidai maelezo, na picha zake zikaanza zenyewe kuitana. Kila utanzu una mwendo wake. Mpe kila mwandishi mwendo anaoutaka.

Kilichonipa fahari ni kitabu cha mwisho, Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Nobel ya 2021, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kijana Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz, ambaye Yusuf anadhani ni jamaa yake, hadi mwenzake anapomwambia kwamba sivyo: amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Watu wazima hawakumwambia kitu. Msomaji anazikusanya dalili mwenyewe, neno moja hapa, ukimya pale, na mimi nilizinusa mapema kwa sababu ya miaka niliyokaa na Bwana Msa. Sikuuona ule ukuta. Nilichosoma kwa kuchekwa ndicho kilichonifungulia kitabu ambacho msomi yule angekiita dhati.

Kwa hiyo badilisheni tanzu, wasomaji wenzangu. Msifululize vitabu viwili vizito. Baada ya Nagona shika hadithi fupi au kisa cha kusisimua, kichwa kipumzike. Kitabu kisipokushika, jiulize kwanza kinataka utafute nini, na kama bado, kiweke kando bila kinyongo. Halafu badilisha tena.

Nanyi mnaoongoza vikao vya wasomaji, nawasihi: wekeni Abdulla na Kezilahabi katika kikao kimoja. Na anayefungua mazungumzo juu ya kila kitabu awe yule aliyezoea utanzu wa kile kingine, aseme alichokiona, asikilizwe hadi amalize.