Picha ya bandari: kata kwanza, rangi baadaye

Wengi wakishafungua picha kwenye Snapseed au Lightroom, programu za kurekebishia picha, hukimbilia rangi. Bluu inapandishwa, chungwa la jua linapandishwa, na maji ya Magogoni, kwenye bandari ya Dar es Salaam, yanageuka kuwa ya kwenye kalenda ya hoteli. Mimi naanza na kukata, yaani kupunguza kingo za picha. Sioni sababu ya kugusa rangi kabla sijajua nini kinabaki ndani ya fremu, maana rangi ya kuipa nguvu inategemea kile ninachotaka mtu akione.

Chukua picha moja niliyopiga asubuhi nikivuka kutoka Kigamboni. Jua lilikuwa mgongoni, linaupiga mji usoni. Ndani yake kuna pantoni la pili linakuja limejaa watu, dau la mvuvi limeshusha tanga, maghorofa ya Kivukoni, na kushoto, mbali kabisa, winchi za bandari. Vitu vinne, vyote vinagombania macho.

Kabla ya kukata lazima uinyooshe, na hapa Dar ina mtego wake. Bandari yetu ni ghuba iliyojifunga. Ukiwa ndani yake huoni mstari wa bahari na mbingu, unaona ufukwe wa ng'ambo tu, na ufukwe huo upande mmoja uko karibu nawe, mwingine umekwenda zake kuelekea Kurasini. Kwa hiyo ukingo wa maji unaweza kulala mshazari kwenye picha hata kama simu uliishika sawasawa. Ukiunyoosha ukingo huo, maghorofa yanalala upande. Tumia kona ya jengo refu lililo katikati ya fremu, si la pembeni, kwa sababu ya pembeni huegemea ndani ukiinua kamera kidogo tu. Mlingoti wa dau usiuamini, dau linayumba. Kama umepiga usiku, angalia taa na taswira yake majini: hizo mbili zinatakiwa kukaa kwenye mstari mmoja wa wima, moja juu, nyingine chini. Kipimo hicho nakiamini kuliko mistari ya programu.

Halafu kata. Kwenye picha ile nilichagua pantoni na watu wake, nikaziacha winchi ziende. Inauma, winchi ni nzuri, lakini zingeweza kuwa picha yao wenyewe. Chombo kinachotembea kiachie maji mengi mbele kuliko nyuma, la sivyo kinaonekana kama kinataka kugonga ukingo wa picha. Ncha ya mlingoti ama iingie yote na nafasi kidogo juu yake, ama mlingoti ukatwe chini kabisa ieleweke kwamba umekusudia.

Sasa rangi. Anza na weupe. Tafuta kitu cha kijivu, zege la gati kwa mfano, urekebishe joto la rangi (unjano na ubuluu wa picha nzima) hadi zege liwe zege. Usitumie boti nyeupe saa 12 jioni, kwa sababu saa hizo nyeupe yenyewe imeshapata dhahabu, ukiiosha umeiua jioni.

Maji yaache yawe yalivyo. Mito ya Kizinga na Mzinga inamwaga humu, na wakati wa masika maji yanaweza kuwa na rangi ya tope. Nikisogeza bluu huwa naigusa mbinguni peke yake, na kwa kiasi. Bandari ya kijani-kijivu yenye mawingu mazito ina heshima yake.

Penye hatari hasa ni chungwa. Maboya ya kujiokolea, kutu ya meli, makontena na ngozi za watu, vyote vinaangukia eneo hilohilo la rangi. Ukipandisha ukolezo wa chungwa ili kutu ipendeze, abiria wote wanakuwa kama wamepakwa binzari. Ukipandisha mwangaza wake, ngozi nyeusi zinapauka kama za mtu aliyekosa mafuta. Kwa hiyo nyuso nazishughulikia peke yake, naziwekea alama kwenye programu ili mabadiliko yaguse hizo tu, na kuziongezea mwanga kidogo, huku weusi wa vivuli ukibaki mweusi. Vivuli vilivyoinuliwa mpaka mwisho vinatoa kijivu kichafu, hasa kwenye picha za simu.

Na ule ukungu wa joto wa miezi ya kaskazi? Upunguze, usiufute. Ndio unaomwambia mtazamaji kwamba ghorofa lile liko mbali na pantoni liko karibu. Ukiuondoa wote, kila kitu kinabandikwa ukuta mmoja, na kando ya majengo unatokea ule mng'ao mweupe unaoonyesha kwamba mtu kazidisha.

Chupa ya plastiki inayoelea mbele naifuta kama picha inakwenda ukutani kwa mtu. Kama inakwenda gazetini, inabaki, ni sehemu ya habari. (Na ukiwa pande za Magogoni, kumbuka Ikulu iko pale, kamera ielekeze majini.)

Jambo la mwisho ni la simu yenyewe. Zima ile hali ya kupunguza mwanga wa bluu usiku, kwani ikiwa imewaka utarekebisha rangi ambazo hazipo. Ukimaliza, iache picha, fanya shughuli nyingine, kisha ifungue tena kivulini. Mara nyingi narudisha nyuma karibu theluthi ya nilichoongeza. Mteja akiitaka kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ukiituma kama picha inabanwa, na mbingu uliyoihangaikia inatoka na mistari.