Adapta iwake pamoja na Sega

SWALI: Adapta yangu ya AV kwenda HDMI inatumia umeme wa chaja ya simu. Nataka iwake nikiwasha mashine yangu ya michezo, Sega Mega Drive ya kwanza. – Msomaji, Malindi

JIBU: Ndani ya Sega mna regyuleta za 7805, vipande vya miguu mitatu vinavyoshusha umeme hadi volti 5. Maandishi yakikutazama, miguu chini, wa kati ni negativu, wa kulia volti 5 swichi ikiwashwa. Hakikisha kwa mita. Kwangua miguu kabla ya lehemu, maana chumvi ya hapo pwani haina huruma, kisha unga waya wa USB wa adapta kwenye miguu hiyo miwili, kupitia fyuzi ya miliampea 500. Adapta ikivuta miliampea 250 kutoka volti 9, regyuleta inaongezewa wati 1 ya joto; bamba lake la kupoozea lisilegee. Chaja ya simu usiichomeke tena kwenye adapta: umeme utarudi kwenye Sega iliyozimwa.