Kiti cha sita: jibu langu kuhusu Madame de Tourzel

Swali la wiki iliyopita lilikuwa hili: ni mtu gani wa historia anayebebeshwa lawama isiyo yake? Najua wengi watataja majemadari na mawaziri. Mimi namtaja mlezi wa watoto. Ni Louise-Élisabeth de Croÿ, Marquise de Tourzel, mwanamke wa ukoo wa kikabaila aliyewalea watoto wa mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa kuanzia 1789 hadi 1792.

Lawama yenyewe ni hii. Usiku wa 20 Juni 1791 familia ya mfalme ilitoroka Paris kuelekea ngome ya Montmédy, karibu na mpaka, kwa gari moja kubwa la farasi ambalo ndani lilichukua watu sita. Jenerali Bouillé, aliyepanga ulinzi wa njiani, alitaka kiti kimoja apewe Marquis d'Agoult, afisa mzoefu ambaye angejua la kufanya mambo yakiharibika. Inasemwa kwamba Madame de Tourzel alishikilia kuwa cheo chake hakimruhusu kuachana na watoto, na kiti akakikalia yeye. Safari ikaishia katika mji mdogo wa Varennes, mfalme akakamatwa, na tangu hapo mlezi huyu amekuwa akinyooshewa kidole: mwanamke king'ang'anizi wa itifaki, aliyeithamini haki ya cheo kuliko uhai wa bwana wake.

Nimefundisha watoto wa chekechea kwa miaka mingi, na lawama hii inaniuma. Anayeitoa hajajiuliza mama huyu alikuwa ameajiriwa kufanya nini.

Katika jumba la kifalme la Ufaransa, mtoto wa kiume wa mfalme aliishi mikononi mwa wanawake hadi alipotimiza miaka 7, ndipo akakabidhiwa kwa wanaume. Kabla ya hapo mlezi mkuu ndiye aliyejibu kwa kila kitu: chakula, homa, masomo ya kwanza, nani aingie chumbani na nani azuiwe. Alilala karibu na mtoto. Mwaka 1712, ugonjwa kama surua ulipopita ndani ya familia hiyo, madaktari walimtoa damu mrithi wa kiti, mtoto wa miaka 5, naye akafa. Mlezi wa wakati huo, Duchesse de Ventadour, alimchukua mdogo wake wa miaka 2, akajifungia naye na kuwakatalia madaktari wasimguse. Mtoto yule ndiye aliyekuja kuwa Louis wa 15, na hata alipokua aliendelea kumwita mlezi wake mama. Kama Ventadour angeliwatii wakubwa wake siku ile, Ufaransa ingempoteza mrithi mwingine. Kung'ang'ania mtoto ndiyo kazi yenyewe.

Tourzel aliingia kazini wakati ambao hakuna mtu mwenye akili timamu angeutamani. Mapinduzi ya Ufaransa yalikuwa yameanza: gereza la Bastille lilivamiwa 14 Julai 1789, na siku chache baadaye mlezi aliyekuwapo, Duchesse de Polignac, rafiki kipenzi wa malkia, alikimbilia nje ya nchi. Malkia Marie Antoinette akamgeukia mjane wa miaka 40 ambaye mumewe alikufa 1786 kwa ajali ya kuwinda. Inasemekana alimwambia kuwa mwanzo aliwakabidhi watoto wake kwa urafiki, sasa anawakabidhi kwa uadilifu.

Kisha akamwandikia barua ya kumweleza watoto aliokuwa anapokea, na hapa naomba wasomaji wanivumilie, maana sijapata kusoma maelezo ya mzazi kwa mlezi yaliyo wazi kuliko haya. Mwanangu, anaandika, ana miaka minne na miezi minne kasoro siku mbili. Ana mishipa ya fahamu myepesi, kelele yoyote asiyoizoea humshtua. Anaogopa mbwa kwa sababu aliwahi kusikia mmoja akibweka karibu naye, na mimi sijamlazimisha kuwatazama, naamini hofu itaondoka akili ikikua. Ana hasira kali lakini moyo wake mwema. Akiahidi jambo hulitimiza. Kosa lake kubwa ni mdomo: hurudia kwa urahisi aliyoyasikia na, bila kukusudia kusema uongo, huongeza yale ambayo mawazo yake yamemwonyesha. Akikosea atafanya yote utakayomwambia, ila kuomba msamaha kunamtoa machozi. Kusoma hajui bado. Malkia anaongeza kwamba mtoto hana majivuno ya cheo, na angependa abaki hivyo hivyo, kwa kuwa watoto wao watajua mapema tu wao ni nani.

Nafikiri sana juu ya lile kosa la mdomo. Mtoto anayesimulia kila alichosikia, katika nyumba ambayo watumishi wengine ni wapelelezi! Mlezi alipaswa kumfundisha kunyamaza bila kumfundisha kudanganya, na kumkinga na hofu bila kumficha ukweli kwamba watu wamekasirika. Mtoto alimbandika jina la Bibi Mkali, kwa hiyo tusidhani alikuwa mlezi wa kubembeleza tu.

Hakupata hata miezi mitatu ya utulivu. Alfajiri ya 6 Oktoba 1789 umati ulivunja na kuingia jumba la Versailles na kuwaua walinzi. Tourzel alimnyakua mtoto kitandani, akakimbia naye hadi vyumba vya mfalme. Jioni ile ile familia nzima ilipelekwa Paris, katika jumba la Tuileries ambalo kwa miaka mingi halikuwa makao ya kifalme. Chumba cha mtoto kilikuwa na milango kila upande, na haikufungika. Tourzel alikusanya samani chache zilizokuwamo, akaziegemeza milangoni, na kukesha kando ya kitanda. Hakuna itifaki inayomwamuru mwanamke wa kikabaila kusukuma meza usiku.

Sasa turudi kwenye gari lile. Usiku wa kutoroka, watoto walitangulizwa. Mvulana alivikwa gauni la kike, na kwa kuwa alivaa vazi la ajabu alidhani wanakwenda kucheza mchezo wa kuigiza. Tourzel alitoka nao hadi kwenye gari la kukodi lililoendeshwa na Count Fersen, kabaila wa Uswidi na rafiki wa malkia, aliyejifanya mwendesha gari wa kawaida, wakaenda kusubiri barabarani karibu na jumba. Walisubiri muda mrefu. Gari la Lafayette, kamanda wa walinzi waliotakiwa kuwazuia, lilipita jirani yao. Mtoto alilala sakafuni, amefunikwa na gauni la mlezi wake. Shangazi yake, Madame Élisabeth, alipofika na kupanda gizani, alimkanyaga. Mtoto hakutoa hata sauti.

Ni mtoto yule yule aliyeshtushwa na kila kelele na ambaye hakuweza kuzuia ulimi. Alikuwa na miaka 6. Sidhani angenyamaza vile chini ya miguu ya afisa asiyemfahamu, hata awe shujaa namna gani.

Najua pingamizi: mama yake na shangazi yake wangekuwa garini, hivyo mlezi angeweza kubaki. Lakini tazameni mpango ulivyokuwa. Hati ya kusafiria ilikuwa ya Baronne de Korff, bibi anayekwenda Frankfurt, Ujerumani, na watoto wawili na watumishi wake. Alitakiwa mwanamke wa makamo wa kuigiza bibi huyo, na sura ya malkia ilijulikana na wengi. Tourzel ndiye aliyeigiza bibi mwenye safari. Malkia akawa yaya wa watoto, mfalme akawa mtumishi wa kiume. Tourzel alikuwa ametoka kuugua na hajapona vizuri, lakini alikwenda, akijua kwamba wakikamatwa jina lake lingekuwa la kwanza kuulizwa. Tena aliyekuwa na neno la mwisho ni mfalme. Angetaka afisa akae pale, angeamuru.

Na kilichoiharibu safari kinajulikana. Walichelewa kutoka Paris. Farasi walianguka na hatamu zikakatika njiani, muda zaidi ukapotea. Mfalme alishuka kwenye vituo na kuzungumza na watu. Choiseul, afisa wa Bouillé aliyekuwa akiwangoja na askari wake kwenye kituo cha Pont-de-Somme-Vesle, alichoka kusubiri, akaondoka, na kuwapelekea habari walinzi wa mbele kwamba huenda safari haipo tena. Huko Sainte-Menehould msimamizi wa kituo cha farasi, Drouet, akamtambua mfalme na kuwahi mbele. Walipoingia Varennes usiku, farasi wa kubadilisha hawakuonekana. Walikuwa ng'ambo ya mto. Nakubali kwamba labda hapo afisa mkakamavu angewalazimisha waendeshaji wavuke daraja. Hilo moja nakubali. Mengine yote yalishaharibika saa nyingi kabla.

Katika safari ya kurudishwa Paris, wajumbe wawili wa Bunge, Pétion na Barnave, walijibana ndani ya gari pamoja nao. Pétion aliandika jinsi mvulana alivyochezea vifungo vya koti la Barnave, akasoma maneno yaliyochongwa juu yake: kuishi huru au kufa. Alikuwa na mwalimu wake, Padri Davaux, na sifa ya kusoma ni ya mwalimu huyo kwanza. Hata hivyo mtoto aliyetulia kiasi cha kusoma vifungo vya koti, siku ambayo umati unapiga kelele madirishani, ametulizwa na mtu kwa miezi mingi.

Yaliyofuata nitayapita haraka. Baada ya jumba kushambuliwa 10 Agosti 1792, Tourzel na binti yake Pauline waliifuata familia hadi gereza la Temple. Usiku wa kuamkia 20 Agosti waliondolewa huko kwa nguvu pamoja na Princesse de Lamballe, rafiki wa malkia, na kupelekwa gereza la La Force. Lamballe aliuawa 3 Septemba. Pauline aliokolewa na mtu wasiyemjua, mama yake akaachiwa. Mtoto aliyeachwa Temple alitenganishwa na mama yake Julai 1793, na akafa humo 8 Juni 1795, akiwa na miaka 10.

Tourzel angeweza kuondoka Ufaransa, lakini alibaki. Mwezi Septemba 1795 alipewa ruhusa ya kumwona dada wa marehemu, Marie-Thérèse, ambaye bado alikuwa kifungoni, na akawahoji walinzi kwa undani juu ya siku za mwisho za mvulana. Ufalme uliporudi, mfalme Louis wa 18 alimpa cheo cha duchesse 1816, na alifariki 1832. Kumbukumbu alizoandika zilichapwa 1883, miaka 51 baadaye, wakati hadithi ya mwanamke wa itifaki ilishasimuliwa na wengine.

Msomaji anayeamini kwamba d'Agoult angewafikisha Montmédy aniandikie kupitia gazeti hili. Aanze na saa zile za Pont-de-Somme-Vesle, anieleze mtu aliyekaa ndani ya gari lililochelewa angewarudishaje askari waliokwisha kuondoka.